Mkono wa Mtu: Sarufi ya Tuhuma katika Uhariri wa Filamu Fupi ya Kutisha ya Wanafunzi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhariri wa filamu fupi ya kutisha inayotengenezwa na wanafunzi katika mazingira ya Shinyanga na Geita, ambako tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya watu. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina njia za kuzungumzia madhara ya uchawi bila kumtaja mtenda, hasa kauli ya kutendwa na usemi "mkono wa mtu," ilhali kamera haina uwezo huo. Kila mkono inaouonesha ni wa mtu mwenye jinsi, umri na hali fulani. Hivyo, mhariri anapounganisha shoti ya mgonjwa na shoti ya jirani, huijaza nafasi ya mtenda na kufanya kazi ya mpiga ramli. Kwa kutumia mfano uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi, pamoja na kazi za fasihi na filamu zinazofahamika, makala yanaonesha kwamba hofu yenye nguvu zaidi, na isiyomdhuru asiye na hatia, hupatikana pale filamu inapohamisha jicho lake kutoka kwa anayedaiwa kuroga na kulielekeza kwenye tendo la kutaja.

1.0 Utangulizi

Kijana mwenye afya anapofariki ghafla, msibani husikika kauli mbili. Ya kwanza husemwa mbele ya watu wote: ni kazi ya Mungu. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, nyuma ya turubai: hapa kuna mkono wa mtu. Kauli hii ya pili haimtaji yeyote. Haisemi kama mtu huyo ni mwanamke au mwanamume, kijana au mzee, ndugu au jirani. Hata hivyo, kila anayeisikia huanza kutafuta.

Utafutaji huo ndio kiini cha filamu ya kutisha, na kwa mwanafunzi anayetengeneza filamu yake ya kwanza Shinyanga, Kahama au Geita, malighafi yake ipo karibu mno. Hahitaji kubuni jumba la kale wala kaburi linalofunguka. Simulizi za fisi wanaopandwa usiku, za dawa za utajiri kwa wachimbaji na za wazee wenye macho mekundu amezisikia tangu utotoni. Tatizo ni kwamba baadhi ya simulizi hizi zina maiti halisi. Mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi katika Usukuma yameandikwa kwa miongo mingi, na Mesaki (2009) ameyajadili sambamba na historia ya sheria inayohusu uchawi nchini. Bryceson, Jønsson na Sherrington (2010) wamechunguza uhusiano kati ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, biashara ya hirizi na mauaji ya watu wenye ualbino. Mnamo Septemba 2009, Mahakama Kuu katika kikao chake cha Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino kutoka Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na leo imo katika Mkoa wa Geita.

Swali linalojadiliwa hapa si kama filamu ya kutisha inafaa kutengenezwa katika mazingira hayo. Inafaa, kwa kuwa jamii yenye hofu ina haki ya kuitazama hofu yake. Swali ni hili: mhariri anapokata na kuunganisha picha, anatunga sentensi gani, na ni nani anayekuwa mtenda wa sentensi hiyo?

2.0 Kurogwa bila mrogaji: Uwezo wa lugha

Wanasarufi wa Kiswahili wameieleza vya kutosha kauli ya kutendwa. Kiambishi -w- humpandisha mtendwa hadi nafasi ya kiima, na mtenda huweza kutajwa kwa kirai kinachoanza na "na" au kuachwa kabisa. Tazama sentensi hizi tatu:

(a) Amerogwa na jirani yake.
(b) Amerogwa.
(c) Wamemroga.

Sentensi ya (a) ni tuhuma kamili. Sentensi ya (b) imekamilika kisarufi, lakini nafasi ya mtenda iko wazi. Sentensi ya (c) ina kiambishi cha nafsi, wa-, lakini hao "wa-" hawana jina wala idadi; ni watu tu. Katika mazungumzo ya kawaida, (b) na (c) husikika mara nyingi kuliko (a), na sababu yake si ya kisarufi pekee. Anayesema (a) anaingia katika ugomvi, pengine hata mahakamani. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, yenye asili yake katika sheria ya mwaka 1928, haiishii kwa anayedai kuwa na nguvu za uchawi. Inamhusu pia anayemtaja mwingine kuwa mchawi. Kwa lugha ya J. L. Austin, kutaja hapa ni kitendo, si maelezo. Anayetajwa hatoki katika kitendo hicho kama alivyoingia.

Usemi "mkono wa mtu" unafanya kazi ileile kwa njia ya nomino. Nomino "mtu" haina jinsi. Kiambishi a- katika "aliyemroga" nacho hakina jinsi. Msemaji wa Kiswahili anaweza kuzungumza juu ya mrogaji kutwa nzima bila kulazimika kusema kama ni mwanamke au mwanamume. Lugha inamruhusu kuomboleza, kushuku na kukasirika, na bado akaiacha nafasi ya mtenda ikiwa tupu.

Katika mfumo wa kijamii, anayeijaza nafasi hiyo ni mpiga ramli. Watu humwendea wakiwa na (b), nao hurudi nyumbani wakiwa na (a). Haishangazi kwamba hatua za serikali za mwaka 2009, na tena za mwaka 2015, ziliwalenga waganga wa ramli. Bidhaa inayonunuliwa kwao ni kirai kimoja kifupi: "na fulani."

3.0 Kamera haijui "mtu"

Sasa mwanafunzi anataka kuupiga picha mkono wa mtu. Papo hapo anakutana na ugumu ambao mwandishi wa riwaya hakuwa nao. Mkono utakaowekwa mbele ya kamera utakuwa na ngozi laini au yenye mikunjo. Utakuwa na bangili au hautakuwa nayo. Utakuwa umeshika jembe, simu au kijiti cha kuchochea moto. Mtazamaji atajua umri, jinsi na hali ya maisha ya mwenye mkono kabla hajauona uso wake. Hakuna shoti ya mkono wa "mtu". Kila shoti ni ya mkono wa mtu fulani.

Ugumu huu huongezeka katika chumba cha uhariri. Jaribio linalohusishwa na mwongozaji wa Urusi Lev Kuleshov, kama lilivyosimuliwa na Vsevolod Pudovkin, linafahamika: uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin uliunganishwa kwa zamu na bakuli la supu, mwanamke aliyekufa jenezani na mtoto akicheza. Watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonesha njaa, huzuni na furaha, ilhali uso haukubadilika. Funzo linalotolewa kwa kawaida ni kwamba maana huzaliwa katika muungano wa picha mbili. Kwa mazingira ya Usukuma, funzo hilo linahitaji kuongezewa jambo: muungano huo unaweza pia kuzaa hatia. Mgonjwa anatweta, kata, kikongwe anatazama. Hakuna neno lililotamkwa, lakini sentensi ya (a) imeshatungwa, pamoja na kirai chake.

4.0 Mfano wa uchambuzi

Kama ambavyo mwanaisimu hutunga sentensi ili kuipima kanuni, makala haya yanatunga filamu ya mfano. Kijana mchimbaji anarudi nyumbani, katika mtaa mmoja wa Shinyanga, kutoka kwenye maduara ya Geita. Ana homa, na alfajiri anafariki. Jirani yake ni bibi anayeishi peke yake. Wanafunzi wana kamera moja na usiku mmoja wa kupiga picha. Wamerudi na shoti saba:

1. Kijana kitandani, anatweta.
2. Mama yake dirishani, anatazama gizani.
3. Moshi ukitoka katika jiko la jirani.
4. Mkono wa mzee ukichochea moto.
5. Macho mekundu ya bibi, kwa karibu.
6. Mdomo wa mganga ukisema jambo lisilosikika.
7. Kitanda kitupu.

Mhariri anayefuata mazoea ataunganisha 1, 2, 3, 4, 5 na 7, kisha ataweka mlio wa fisi chini ya shoti ya 5. Filamu itatisha. Pia itakuwa imesema, bila kusita, kwamba bibi amemroga kijana. Mazoea haya hayakuanza leo. Filamu za video za Mussa Banzi, *Nsyuka* na *Shumileta*, zilizotoka katika miaka ya kwanza ya karne hii, ziliijengea hadhira ya Tanzania matarajio kwamba kinachotisha lazima kionekane. Lakini kuna tofauti ya msingi. Nsyuka na Shumileta ni viumbe wasio na jirani. Hakuna nyumba mtaani ambayo hadhira inaweza kwenda kuwatafuta. Bibi mwenye macho mekundu anayo nyumba, na macho yake yana sababu inayojulikana: miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi. Shoti ya 3 ndiyo maelezo ya shoti ya 5. Mhariri amezipanga kwa mfuatano ambao unayafanya maelezo hayo yaonekane kuwa ushahidi.

Mhariri wa pili, mwenye tahadhari, ataiondoa shoti ya 5 na kubakiza ya 4. Ataamini kwamba sasa amefika katika sentensi ya (b), kwa sababu uso hauonekani. Lakini, kama ilivyoelezwa, mkono umeshasema mengi. Aliyeondolewa ni bibi mmoja. Waliobaki ni vikongwe wote wanaopika kwa kuni. Kwa namna fulani, tuhuma imepanuka.

Mhariri wa tatu anaziondoa ya 3, ya 4 na ya 5. Anabaki na mgonjwa, mama, mdomo na kitanda kitupu. Anaiacha shoti ya mama dirishani iendelee kwa muda mrefu kuliko kawaida, na giza analolitazama halipati shoti ya kulijibu. Hii ndiyo (b) halisi ya kifilamu: kitenzi kipo, mtendwa yupo, na mahali pa "na" pameachwa patupu. Mtazamaji anabaki na swali mkononi, na hawezi kulitua kwa mtu yeyote.

Mbinu hii ina historia. Katika *Cat People* (1942) ya Jacques Tourneur, iliyohaririwa na Mark Robson, mwanamke anatembea usiku akihisi kufuatwa. Hatua nyuma yake zinanyamaza, na mlio mkali unaomshtua mtazamaji ni wa breki za basi. Mnyama haonekani. *The Blair Witch Project* (1999) ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliosoma pamoja filamu chuoni Florida, ilitokana na saa zipatazo 20 za picha zilizopigwa na waigizaji wenyewe, zikakatwa hadi dakika 81. Jina la mchawi limo katika anwani, lakini yeye haonekani hata mara moja. Katika filamu zote mbili, uhaba wa fedha uliwasukuma watengenezaji kuuficha mtenda, na kuuficha huko kukawa ndiko kulikotisha. Mwanafunzi wa Shinyanga naye hana fedha, na ana sababu nzito zaidi ya kujifunza hapo.

5.0 Kutoka "amerogwa" hadi "ametajwa"

Hata hivyo, uhariri wa tatu haujamaliza kazi. Unaepuka kumtuhumu bibi kwa kumfuta kabisa, na kumfuta ni aina nyingine ya ukimya. Katika matukio halisi ya Usukuma, simulizi haiishii kwenye kitanda kitupu. Baada ya "amerogwa" hufuata kitenzi kingine cha kutendwa: "ametajwa." Kitenzi hiki nacho huachwa bila mtenda. Watu husema kwamba bibi ametajwa, kana kwamba jina lake lilidondoka lenyewe. Lakini tofauti na mtenda wa "amerogwa," mtenda wa "ametajwa" anaweza kujulikana. Kuna aliyekwenda kwa mganga. Kuna aliyelipa. Kuna mdomo uliotamka. Mara nyingine kuna shamba ambalo mjane anakalia na ambalo mtu mwingine analitaka.

Hapa ndipo filamu inapopata uwezo ambao hapo awali ulikuwa udhaifu wake. Kamera, isiyoweza kuonesha "mtu," ina uwezo mkubwa wa kuonesha mtu anayetaja. Shoti ya 6 ndiyo shoti muhimu kuliko zote saba, na katika uhariri wa mazoea ndiyo iliyotupwa. Ikiwekwa katikati ya filamu, ikafuatwa na nyuso za majirani, kila mmoja akimtazama mwingine, hofu hubadilisha mwelekeo. Mtazamaji haulizi tena nani ameroga. Anauliza ni nani atakayetajwa. Na kama nusu ya pili ya filamu ingetokea ndani ya nyumba ya bibi, akiwa amezima kibatari na kusikiliza hatua za watu nje, mtazamaji angejikuta upande wa anayewindwa.

*White Shadow* (2013) ya Noaz Deshe, filamu iliyopigwa Tanzania na kupata tuzo ya filamu ya kwanza katika tamasha la Venice, inathibitisha kwamba uhamisho huo unawezekana. Inamfuata kijana mwenye ualbino aliyeshuhudia baba yake akiuawa. Picha zake zinayumba, zinakatika, na mara nyingi hazitulii juu ya uso mmoja. Wawindaji ni watu wenye madeni na tamaa, si mazimwi. Filamu hiyo inatisha sana, na hofu yake haimwachi asiye na hatia akiwa na lawama.

Fasihi ya Kiswahili nayo ilishalipita jaribu hili mapema. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), Muhammed Said Abdulla anaanza na maiti iliyokutwa mahali panapoogopwa. Mzimu unapewa nguvu yake yote ya kutisha, lakini Bwana Msa anadai ushahidi, na mwuaji anatokea kuwa binadamu mwenye sababu za kibinadamu. C. G. Mung'ong'o, katika *Mirathi ya Hatari* (1977), anachukua njia nyingine: hakanushi uchawi, bali anamweka katikati kijana anayeurithi, na msomaji anauona kama mzigo unaomwelemea mtu anayemfahamu. Waandishi hawa wawili hawakubaliani kuhusu uchawi. Wanachokubaliana ni kwamba mtenda akitajwa, lazima atajwe kwa ukamilifu, akiwa na nafsi na sababu, si kwa jozi ya macho mekundu.

6.0 Shoti isiyopigwa

Inaweza kudaiwa kwamba tahadhari hii imezidi, kwa kuwa filamu ya kutisha ni mchezo na hadhira inajua kutofautisha. Aidha, watengenezaji huweka maandishi ya kueleza kwamba matukio ni ya kubuni. Dai hili lingekuwa na uzito kama filamu za wanafunzi zingetengenezwa studio na kutazamwa ukumbini. Kwa kawaida hazitengenezwi hivyo. Kwa kukosa fedha, mwigizaji wa bibi huwa ni bibi wa mtaani, na nyumba inayopigwa picha huwa ni nyumba yake. Filamu ikimalizika, haisafiri nzima. Inasafiri vipandevipande katika simu, sekunde 20 za hapa na 30 za pale, na kipande kinachopendwa ni kile cha macho mekundu na mlio wa fisi. Maandishi ya mwisho hayasafiri nacho. Kila anayekituma ni mhariri mwingine, asiye na darasa wala mwalimu, na bibi aliyekubali kuigiza kwa wema anabaki akiishi palepale.

Kwa sababu hii, uamuzi hauwezi kuachwa hadi chumba cha uhariri. Mwanafunzi hufundishwa kupiga picha nyingi ili mhariri awe na uchaguzi, na kwa kazi nyingi ushauri huo ni mzuri. Kwa shoti ya 5 haufai. Kilichopigwa kinaweza kukatwa na mwingine. Shoti isiyopigwa haiwezi kukatwa vibaya na mtu yeyote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kati ya lugha na filamu kuna tofauti ya kisarufi yenye matokeo ya kimaadili. Kiswahili kinaweza kusema "mkono wa mtu" na kumlinda mtu huyo kwa kutokujulikana kwake. Filamu haiwezi. Mhariri asiyetambua tofauti hii hudhani anatafsiri usemi wa msibani kuwa picha, kumbe anaujaza kwa jina. Njia iliyopendekezwa ina hatua mbili: kuiacha nafasi ya mtenda wa "amerogwa" ikiwa tupu, na kuielekeza kamera kwa mtenda wa "ametajwa." Hatua ya kwanza inalinda, ya pili inafichua.

Kuna suala la ufundishaji pia. Kozi za filamu humfundisha mwanafunzi kukata kwa mdundo, kuficha mshono na kupandisha taharuki. Kozi za isimu, mara nyingi katika jengo jirani, humfundisha mwenzake kauli ya kutendwa. Mwanafunzi anayekwenda na kamera Kahama au Geita anahitaji masomo hayo mawili kwa pamoja, ili kabla hajaunganisha picha ya mgonjwa na picha nyingine yoyote, ajiulize swali ambalo mama aliyesimama dirishani alikuwa bado hajalipatia jibu: na nani? Kisha aliache wazi.